Chuo cha kimataifa sio bendera getini

Mhariri, naomba kanafasi nitoe la moyoni. Siku hizi kila chuo kinajitangaza eti cha kimataifa, ukiuliza unaonyeshwa bendera getini na picha za wageni kwenye brosha. Jamani, pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), walishafanya hii kitu zamani bila mbwembwe, miaka ya 60 na 70 mwanahistoria Walter Rodney katoka zake Guyana anafundisha, Museveni katoka Uganda anasoma, 1967 mpaka 1970, John Garang, yule kiongozi wa Sudan Kusini, naye akapita, halafu wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika wamejaa Dar hapohapo, yaani mijadala ilikuwa ya moto, na kuna wanafunzi walienda hadi Msumbiji kujionea wapigania uhuru wa FRELIMO wanavyopambana na Wareno. Nani alihitaji siku ya utamaduni ya kula chapati na kupiga selfi?

Sasa hivi mgeni anakuja muhula mmoja, anakaa na wageni wenzake, wikiendi Zanzibar, anarudi kwao na Kiswahili cha mambo na poa. Simlaumu yeye. Wachanganyeni vyumba na wenyeji, Kiswahili kiwe lazima, na ule ukumbi wa chuo, Nkrumah Hall, uwe na mhadhara wa Kiswahili walau mara moja kwa mwezi, matangazo yabandikwe mpaka kwa mama lishe wa Msewe na vijiwe vya boda Changanyikeni, maana hao ndo majirani. Na wakija wasikalishwe nyuma, wapewe maiki waulize.

Msomaji wako,
Ubungo