Moshi wa umeme wetu anauvuta nani?

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Kila joto likizidi nasikia watu wanalalamika umeme hautoshi, mitambo iongezwe, ila sijasikia hata mmoja anauliza hiyo mitambo inawekwa mtaa gani.

Mimi nshakaa jirani na mmoja, wa dizeli, ule wa akiba ambao hauwashwi mpaka matumizi yapande. Sasa matumizi yanapanda lini? Si siku ya joto kali, wenye nafasi zao wamewasha AC vyumba vyote, na jua la siku hiyohiyo ndo linapika zile oksaidi za nitrojeni za kwenye moshi pamoja na gesi nyingine hewani inatoka gesi ya ozoni, ambayo kwa mwenye pumu ni balaa. Sie tusio na AC tumefungua madirisha tupate upepo, tunapata na hiyo. Shuka nyeupe ukiianika asubuhi, jioni unaianua ina vidoa vyeusi, ukifuta kwa kidole ndo unaharibu kabisa.

Na masizi afadhali unayaona. Chembe za chini ya mikromita 2.5 huzioni, pua haizizuii, zinashuka hadi ndani kabisa ya mapafu na nyingine zinapita kwenye damu. Mwaka 2021 WHO, Shirika la Afya Duniani, ilishusha kiwango chake cha mwisho cha chembe hizo, wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita moja ya ujazo. Nusu nzima!

Wanaosema mtambo ukifungwa yameisha waiangalie Chicago, Marekani. Mitambo ya makaa ya mawe ya Fisk na Crawford ilikuwa katikati ya mitaa ya Walatino (watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini), Pilsen na Little Village, wakazi wamepigana miaka mpaka ikafungwa 2012. Alafu Aprili 2020, watu wamejifungia ndani kwa korona, ugonjwa wa mapafu jamani, bomba la moshi la Crawford likalipuliwa kuangushwa, vumbi likafunika mitaa ya Little Village.

Betri kubwa za gridi zipo siku hizi na kazi ya mitambo ya akiba zinaiweza, kwa hiyo zikianza kuwekwa zianzie kwenye mabomba yaliyobanana na nyumba za watu, sio penye faida kwanza. Na kipima hewa kiwekwe pale chini ya bomba, maana hawa jamaa wa vipimo wanapenda sana kukiweka kwenye bustani mbali huko alafu wanatusomea namba nzuri.

Msomaji wako, mwenye shuka zenye madoa