BARUA KWA WAZAZI NA WALEZI: KUFUNGA MUHULA WA PILI

Newala, Mtwara

Ndugu wazazi na walezi,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Tunafunga shule Ijumaa, tukijaliwa. Ripoti mje kuzichukua wenyewe, si kumtuma mtoto wa jirani. Tanki la maji limeshazibwa.

Mliokuja Siku ya Wazazi mlimwona yule kijana wa Darasa la Nne aliyesimama chini ya mwembe akasimulia kisa cha Sungura na Fisi bila karatasi, sauti ya fisi akiitolea tumboni, hata bibi mmoja wa mstari wa mbele akadondosha kanga kwa kucheka. Nimefundisha miaka 22, sijapata kusikia msimulizi wa umri ule aliyemfikia. Nilitamba siku ile, sifichi.

Mtoto huyo huyo ukimwekea kitabu, "baba analima" anaisoma "dada analima". Si macho, alipimwa hospitali na anaona vizuri. Si uvivu. Wala hakulogwa, na walionishauri apelekwe kwa mganga nimeshawajibu. Wataalamu wanaiita disleksia: ubongo unapata taabu kuoanisha herufi na sauti yake, lakini akili iko palepale. Mara nyingi hufuata ukoo, kwa hiyo baba anayemchapa mwanawe ajikumbuke kwanza yeye alivyokuwa darasani. Mwaka 1896 daktari mmoja Mwingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za mvulana wa miaka 14 wa namna hii. Mwalimu wake alisema masomo yangekuwa ya mdomo tu, angewashinda wote shuleni. Niliposoma hapo nilimwona wa kwetu.

Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, hivyo wengi wa watoto wa namna hii hatimaye husoma, ila polepole, na imla huwatesa. Mwalimu wa Darasa la Pili anawachoresha b na d mchangani kwa kidole huku wakitamka. Wapo pia wasiotulia kitini dakika tano. Hao tunawapa kugawa madaftari, wakirudi wanasikiliza.

Sasa lililoniudhi. Kijana alipomaliza kisa chake, mzazi mmoja akapaza sauti: "Asome basi, kilaza huyo!" Watu wakacheka. Watu wazima! Jumatatu yake neno hilo lilikuwa limeandikwa kwa mkaa kwenye dawati lake. Wanafunzi watatu wa Darasa la Sita wamelisugua na kuomba radhi mbele ya gwaride, lakini neno hawakulitunga wao.

Na korosho. Watoto 31 wamekosa zaidi ya wiki mbili tangu Oktoba, na wengi wao ndio hao wasomao kwa shida. Nikiwafuata majumbani naambiwa, "Mwalimu, huyu shule haimwingii, bora aokote korosho." Anayehitaji kurudiarudia kila siku ndiye mnayemtoa? Msomaji mzuri akikosa wiki anafidia. Huyu akikosa wiki, tunaanza upya na b. Na hela za korosho mmepata, ila kaya 46 hazijaleta mchango wa uji. Elimu ni bila ada, sawa, lakini uji haupikwi kwa waraka.

Likizo hii msimbebeshe mtoto kitabu kizima. Someni naye mstari mmoja kwa siku, mingine mkiifunika kwa karatasi. Akikwama mtajie neno, muendelee. Wanaokwenda jandoni warudi kabla hatujafungua Januari.

Mzazi aliyepaza sauti anajijua. Namsubiri ofisini Alhamisi saa nne, na kijana atakuwepo.

Mwalimu Mkuu