Mwanangu, usisaini Jumatatu

Mwanangu, hujambo. Sisi huku wazima, baridi tu ndo inatutesa, asubuhi hapa Uyole maji ya bomba hayashikiki.

Jana uliponipigia nilifurahi na wewe maana sikutaka kukuvurugia, lakini ulivyokata simu usingizi haukuja tena. Ndo maana nimeamua kuandika, kwenye simu wewe unaongea harakaharaka halafu unasema mama nimeelewa, na mimi nakujua.

Huo mkataba wa tamthilia unaotaka kuusaini Jumatatu umeusoma wote? Siyo kuuperuzi kwenye daladala, naongelea kurasa zote mpaka kule mwisho kwenye maandishi madogo.

Kazi yenyewe nimeifurahia sana. Kuongoza tamthilia ya tivii msimu mzima siyo kitu anapewa mtu wa kubahatisha, nimeshawaambia wenzangu wa kikoba, nimemwambia mama mchungaji, na hata wale waliokuwa wanasema umeenda Bagamoyo kusomea kucheza ngoma nimehakikisha wamesikia. Ila kuna kitu ulikitaja ukakipita, eti wanataka uwape na ile skripti yako ya bibi iwe humohumo kwenye mkataba mmoja. Hapo ndo niliposhtuka, na wewe ukaendelea kunisimulia habari za kamera.

Mama, hivyo ni vitu viwili. Tamthilia ni kibarua, hadithi siyo yako, wahusika siyo wako, ulishaniambia mwenyewe kwamba chaneli inaweza kubadilisha muongozaji katikati ya msimu na sisi tunaoangalia nyumbani tusijue. Sawa, unafanya kazi, unalipwa, unaondoka. Lakini ile ya bibi umeitoa mdomoni mwake mwenyewe, kuna mambo humo ndani hata mimi mwanaye nilikuwa sijawahi kuyasikia. Bibi hakukusimulia yale ili mtu wa Masaki aje ayafungie kabatini.

Nimempigia baba yako mdogo wa Iringa, si unajua anafanya kazi mahakamani. Anasema sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999, ukija upande wa filamu, prodyuza ndo anahesabika mwenye haki za kuingiza hela, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Hayo maneno ya mwisho nimeyaandika nyuma ya daftari la madeni la dukani. Maana yake karatasi ikinyamaza imekula kwako. Akasema pia skripti uipeleke COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, uisajili kwa jina lako kabla hujamwonesha mtu mwingine yeyote, na mimi nikamwambia hao wa tamthilia umeshawaonesha.

Usiniambie hizo ni habari za zamani. Mimi dividii nimeziuza Mwanjelwa, nimeona kwa macho. Bongo Movie ilivyokuwa moto, mtu alikuwa anakopa, anashuti wiki mbili tatu, anapeleka masta, ile kopi mama ya filamu, kwa wasambazaji Kariakoo anapewa hela ya mara moja, na haki zote zinaondoka na ile masta. Baada ya hapo kazi inauzwa mpaka Tunduma, inaoneshwa kwenye mabasi ya kwenda Dar na kwenye vibanda umiza, na aliyeitengeneza hapati hata mia. Nilikuwa naziuza zile kasha zenye sura zao halafu miaka inapita nasikia redioni mmoja wao anaumwa, tunaombwa tumchangie. Nilikuwa nachanga, lakini roho ilikuwa inaniuma, nimeuza kazi zake ngapi mimi.

Kwa hiyo uliza, usione aibu. Unalipwa kwa episodi au kwa mwezi, na shuti ikisimama kwa sababu zao wenyewe wewe unalipwa au unakaa bure? Wakirudia kuionesha mwakani je? Kwenye editing nani mwenye neno la mwisho, maana wanaweza kukata vile wanavyotaka wao halafu jina linalosomeka pale mwisho ni lako na matusi yanakuja kwako. Na kibali cha Bodi ya Filamu anafuatilia nani, isije siku mmezuiwa barabarani na wewe ndo umesimama mbele. Lakini hayo yote hata wakikujibu vizuri, skripti ya bibi itoke. Itoke kabisa, siyo kuahidiwa kwamba tutaongea baadaye.

Najua unawaza wakikasirika watampa mwingine kazi. Unakimbilia wapi? Yule mzee wa Senegal uliyembandika picha ukutani kwako, Sembène, si wewe ndo uliyeniambia alikuwa mbeba mizigo bandarini Ufaransa, akaandika vitabu kwanza, halafu akaenda Moscow kujifunza filamu mtu mzima kabisa. Filamu yake ndefu ya kwanza ilikuwa 1966 na amezaliwa 1923, na mwaka 2004 bado alikuwa anatoa filamu. Wewe hata thelathini hujafika. Na mwanamke mwenzio Seko Shamte, muongozaji wa hapahapa Tanzania, filamu yake imefika Netflix, kwa hiyo wa kwetu tumeshaona inawezekana, huna haja ya kujirusha kwa mtu wa kwanza aliyekufungulia geti. Naongea hivi na wakati huohuo nimejaa fahari, usinielewe vibaya.

Ila na wewe una kosa lako. Baba yako unampigia pale tu anapodaiwa kukutumia kitu. Hasemi kitu, lakini ile filamu yenu fupi ya chuo ameiangalia kwenye simu ya mdogo wako mpaka bando likaisha. Habari ya ile kamera iliyouzwa sitaki turudi huko, ila ujue tangu avune anaweka hela pembeni kwenye kopo la Kimbo na hajasema ya nini, na mimi sijamuuliza.

Mahindi tumevuna vizuri, bei ndo haieleweki, tumeamua kuyaweka kwanza. Ng'ombe amezaa jike. Bati la jikoni upepo umeling'oa upande mmoja, fundi anasema Alhamisi, na alisema Alhamisi wiki iliyopita. Mdogo wako anadai ada ya mtihani na viatu, ukipata advansi usimtumie yeye mkononi, tuma kwangu. Bibi miguu inamsumbua na hii baridi, kila siku anauliza lini ataiona hiyo sinema yake, nikimwambia bado anasema mwambie afanye haraka.

Kesho naweka mzigo kwenye basi la asubuhi, mchele wa Kyela kilo kumi, maharage na viazi kidogo. Nimeandika namba yako juu ya kiroba kwa maka pen. Uende kuuchukua mwenyewe usimtume mtu, safari ile mchele ulifika nusu. Na leo usiku piga picha kurasa zote za huo mkataba, zote, umtumie baba mdogo WhatsApp, amesema atausoma Jumapili akitoka kanisani. Wakikupigia kabla hajakujibu waambie familia bado inausoma.

Mama yako