Mama yangu si mchawi jamani, anaumwa

Mhariri, shikamoo, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua maana hili jambo limenikaa moyoni.

Mwezi uliopita mama yangu mzazi, ana miaka 78, alitoka nyumbani kama saa kumi alfajiri sisi wote tumelala. Kafungua komeo mwenyewe, kabeba kikapu, anaenda kuchuma pamba, na hilo shamba lilikuwa Sengerema na liliuzwa miaka mingi iliyopita, sisi tunakaa Ilemela mjini. Jua linachomoza kakutwa mtaa wa pili kakaa nyuma ya nyumba ya watu, gauni kalivua kalikunja vizuri kaliweka ndani ya kikapu, na watu wameshajaa wanasema mchawi kadondoka kwenye ungo. Kuna mtu alikuwa ameshika tofali.

Kilichomuokoa ni kijana wa bodaboda anayepaki karibu na kwetu. Alimtambua, akavua koti lake akamfunika, akachuchumaa akamsalimia taratibu kwa Kisukuma, mwangaluka mayu. Mama akaitikia vizuri kabisa, akaambiwa twende nyumbani chai ipo tayari, akapanda pikipiki bila ubishi. Huyo kijana hakumuuliza umetokea wapi, unaitwa nani, umefuata nini huku, na hapo ndo alipofanya la maana maana mgonjwa wa hivi ukimpa maswali matano mfululizo anazidi kuchanganyikiwa na anakuwa mkali.

Huu ugonjwa unaitwa dimensia. Sio uzee tu kama nilivyoambiwa kwenye hospitali moja mara ya kwanza nikarudishwa nyumbani na panadol, na sio kurogwa. Ni ubongo unaoharibika kidogo kidogo, ya jana inafutika ila ya ujanani inabaki, ndo maana anaijua pamba yake na hajui leo ni siku gani. Duniani watu zaidi ya milioni 55 wanao, na hapa hapa kwetu watafiti walipita vijijini wilaya ya Hai kule Kilimanjaro wakakuta kwenye kila wazee 100 wa miaka 70 na kuendelea kama 6 hivi wanao. Sasa piga hesabu mtaani kwako wazee wa umri huo wapo wangapi. Na sisi wa kanda ya ziwa tunajua bibi zetu wangapi wameuawa kwa kuitwa wachawi sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni miaka yote hiyo, alafu ukichanganya na bibi anayeongea peke yake usiku ndo basi tena.

Dawa ya kuuponya haipo. Ila mtaa unaweza kumfanya mgonjwa aishi vizuri au aishi vibaya, hilo nimeliona kwa macho yangu. Mangi wa duka letu kwa mfano, mama alikuwa anaenda kununua sukari hata mara tatu kwa siku, siku moja nainama chini ya kitanda nakuta mifuko tisa. Mwanzoni Mangi alikuwa anamwambia mama ushachukua bwana, mama analia anasema anaitwa mwizi. Tukakaa tukaongea, saivi anampa tu, anapokea hela, jioni mdogo wangu anapeleka sukari anarudishiwa hela. Ni kitu kidogo sana lakini mama hajalia tena dukani pale.

Japani walianza toka 2005 kuwafundisha watu wa kawaida kabisa, wenye maduka, polisi, wafanyakazi wa benki, darasa la kama saa moja na nusu tu, ukimaliza walikuwa wanakupa bangili ya rangi ya chungwa. Sisi bangili hatuhitaji. Tuna mwenyekiti wa mtaa, tuna wajumbe, tuna ulinzi shirikishi wanaozunguka usiku na ndo wa kwanza kukutana na hawa wazee, tuna vijiwe vya boda, tuna vipaza sauti vya misikiti na makanisa vinavyotangaza mtoto akipotea, kwa nini visitangaze na bibi aliyepotea? Mjumbe ajue nyumba ipi ina mgonjwa na namba ya ndugu ni ipi. Mimi ya kwangu nimeshaishona kwa uzi kwenye pindo la khanga zake zote na gauni zake zote, nawashauri na wengine mfanye hivyo leo leo msisubiri.

Nimeshamuomba mwenyekiti wetu anipe dakika kumi kwenye mkutano wa mtaa unaokuja, kakubali. Nitaenda na yule kijana wa boda aeleze mwenyewe alivyofanya ile asubuhi, na naomba nyie mliosoma hadi hapa muombe dakika kumi hizo hizo kwenye mitaa yenu.

Msomaji wako,
Ilemela, Mwanza