Shukrani kwa Mzee Aliyenionyesha Kiduha

Kwa heshima natoa shukrani kwa mzee ambaye, msimu uliopita, alisimamisha baiskeli yake kando ya shamba langu la mtama hapa Nachingwea, mkoani Lindi, akaniuliza kwa upole kwa nini ninayaacha yale maua mekundu yachanue. Mimi nilidhani mtama umedumaa kwa uhaba wa mvua. Ndipo aliponieleza kwamba hicho ni kiduha, gugu linalojishikiza kwenye mizizi ya mtama na mahindi na kuifyonza hata kabla halijachomoza juu ya ardhi, na kwamba mmea mmoja ukikomaa hutoa maelfu ya mbegu laini kama vumbi, ambazo zaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10.

Kung'oa peke yangu kusingefaa kitu, kwani shamba la jirani, anayeishi Lindi mjini, lilikuwa limejaa. Hapa ndipo ninapomshukuru zaidi: alinizuia nisiingie bila ruhusa, akanisindikiza kwa mwenyekiti wa kitongoji, jirani akapigiwa simu, naye akaridhia. Kwa siku mbili mzee alishinda nasi tukiyang'oa na kuyachoma, akakataa malipo, akapokea maji ya kunywa tu.

Mwaka huu nimepanda kunde pale, kama alivyoagiza, kwa kuwa mizizi yake huzichochea mbegu za kiduha kuota, kisha zikafa kwa kukosa nafaka ya kushikia. Baba, sikukuuliza jina. Ahsante sana, fungu lako la kunde nimekuwekea.