Barua ya wazi kwa Waziri wa Biashara: waranti ya betri isiishie mpakani

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu magari ya umeme yaliyotumika, hasa yale yanayovuka mpaka kabla ya kumfikia mnunuzi wa pili. Muuzaji huyanadi kwa maneno machache: "Betri bado ina waranti." Mara nyingi hasemi uongo. Anachonyamazia ni kwamba waranti hiyo ni ya soko lile gari lilikouzwa likiwa jipya. Likitolewa huko, inabaki karatasi.

Kwa gari la petroli hasara hiyo ilivumilika. Injini ikigoma fundi ataifungua, na vipuri vya mtumba havikosekani. Betri ya gari la umeme ndiyo sehemu yake ya bei kubwa kuliko zote, ndiyo maana kampuni nyingi huipa waranti ya peke yake: miaka 8 au kilomita 160,000, kitakachotangulia, kwa ahadi kwamba uwezo wake hautashuka chini ya asilimia 70. Anayenunua gari la miaka 4 huhesabu kwamba amebakiwa na mingine 4, na akiba yake anaitoa kwa hesabu hiyo. Siku betri ikianza kuchoka anakwenda kwa wakala, namba ya chesisi inaingizwa kwenye kompyuta, anaambiwa gari si la kanda hii. Kumbe kompyuta inalijua gari vizuri, hadi nchi lilikouzwa! Mnunuzi peke yake ndiye aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Watengenezaji wana hoja, nami sizipuuzi zote. Gari lililoundwa kwa soko la China huchajiwa kwa tundu la GB/T, la Ulaya kwa CCS2, la Japani mara nyingi kwa CHAdeMO. Programu hutofautiana, na fundi asiyefunzwa hana ruhusa ya kugusa betri ya volti 400. Hayo yanaeleza kwa nini matengenezo ni magumu. Hayaelezi kwa nini ahadi ya miaka 8 ife kwa kuvuka mpaka. Ndani ya Umoja wa Ulaya, gari lililonunuliwa Ujerumani halipotezi waranti ya mtengenezaji likihamia Ureno. Kwa hiyo inawezekana, pale wenye mamlaka wanapotaka.

Linalonitia hofu zaidi ni usalama. Mwaka 2021 General Motors iliyaita yarudi kurekebishwa magari yote ya Chevrolet Bolt yaliyokuwa yametengenezwa hadi wakati huo, zaidi ya 140,000, kwa sababu kasoro ya betri ingeweza kuwasha moto. Mmiliki anayejulikana hutumiwa barua. Gari likishauzwa nchi nyingine, barua humwendea nani? Aliyenalo sasa hayumo kwenye orodha yoyote, na huenda analichaji usiku kucha ukutani mwa chumba wanacholala watoto.

Naomba, Mheshimiwa, gari la umeme lililotumika lisisajiliwe bila barua ya mtengenezaji, kwa namba ya chesisi, inayotaja waranti inatumika wapi na inakoma lini. Afya ya betri iandikwe kwa asilimia kwenye mkataba wa mauzo. Ulaya wanakwenda mbali zaidi, maana kuanzia Februari 2027 kila betri mpya ya gari la umeme itakayoingizwa sokoni itabeba pasipoti ya kidijitali, yaani rekodi ya kielektroniki ya taarifa zake. Na wakala anayeuza magari ya kampuni hiyohiyo asiruhusiwe kukataa marekebisho ya kasoro za usalama, gari liwe limetoka wapi.

Kuirefusha waranti yenyewe hadi huku kutahitaji mazungumzo marefu na viwanda, hilo naelewa. Ila idara ya usajili tayari ina namba za chesisi. Kuzilinganisha na orodha za magari yaliyoitwa na watengenezaji, kisha kuwaarifu wenye magari, ni kazi isiyosubiri sheria mpya.

Wasalaam,
Mnunuzi wa magari yaliyotumika