Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ada, Mbolea na Mvua za Novemba

Ndugu wanachama, mwangaluka.

Desturi yetu ni kuanza na vitabu vya hesabu. Leo naomba ruhusa nianzie shambani, kwa sababu nilichokiona huko ndicho kinachozieleza hesabu zenyewe.

Wiki ya mwisho ya Novemba nilifika kwenye shamba la mafunzo la chuo cha kilimo tunachokilea kwa michango yetu hapa Tabora. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, na udongo wetu huu wa kichanga hauna subira. Maji yakishazama, umechelewa kupanda. Wanachuo wa mwaka wa kwanza walikuwa wameshanyoosha kamba za mafundo, sentimita 75 mstari hadi mstari, sentimita 30 shimo hadi shimo. Mbegu zilikuwapo. Mbolea ya kupandia haikuwapo. Mkufunzi akachota mchanga kwenye kizibo cha soda, akawaonyesha: kizibo kimoja kwa shimo moja, fukia kidogo, ndipo uweke mbegu, isije ikagusana na mbolea ikaungua. Vijana wakarudia mmoja baada ya mwingine, kwa mchanga.

Mbolea ile tuliiahidi sisi. Ilikuwa mifuko miwili tu ya DAP, na imeandikwa kwenye muhtasari wa mkutano uliopita. Tuliinunua Januari, michango ilipoingia, na kufikia siku hiyo mahindi yalikuwa yameshapita magoti. Majani yalikuwa yamegeuka zambarau kingoni, dalili ya upungufu wa fosforasi ambayo mkufunzi huwa anaichora ubaoni. Safari hii aliwapeleka wanafunzi wakaione kwa macho. Walijifunza, namshukuru sana, lakini hatukuchangishana ili vijana wetu wasomee njaa ya mmea kwenye shamba ambalo sisi wenyewe tumelikosesha chakula.

Nimelitafakari jambo hili mwaka mzima. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyezembea. Mweka hazina wetu ana stakabadhi ya kila shilingi, wakaguzi wetu wa ndani wamepitia vitabu hadi 30 Juni na hawakuwa na hoja, na jedwali zima mnalo mikononi. Tatizo liko kwenye katiba yetu, inayosema mchango wa mwaka ulipwe kabla ya 31 Desemba. Nasi ni binadamu: wengi wetu hulipa wiki ile ya mwisho, baada ya sikukuu. Mvua za Tabora huanza Novemba. Kwa hiyo tunakusanya fedha za kupandia wakati kupanda kumekwisha.

Wazazi wa wanachuo wamekaa kwenye mtego huohuo, na wengine wamo humu ukumbini. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua huuza kupitia chama chake cha msingi kuanzia kama Aprili au Mei. Hukatwa kwanza deni la pembejeo, kisha hungoja malipo. Yakitoka kwa wakati, ada ya muhula wa kwanza hulipika. Muhula wa pili huangukia Februari na Machi, na hakuna nyumba ya mkulima katika mkoa huu isiyoijua miezi hiyo: ghala limebaki sakafu, mahindi mapya bado mabichi shambani, watu wanakula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, asubuhi na jioni. Ndipo kijana anapiga simu kusema hataruhusiwa kufanya mtihani. Mfuko wetu wa dharura umetumika karibu wote katika wiki hizo. Sioni aibu kuusifu. Naona hayo ndiyo matumizi bora kuliko yote tuliyofanya mwaka huu.

Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Serikali imeanza kuwakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani zilizoteuliwa, kilimo na mifugo zikiwemo. Ni msaada mkubwa. Tunachoomba wanachama mtusaidie ni kuwaambia wazazi mapema, kwa sababu vijana wengi wa vijijini hukwama kwenye vyeti vya kuzaliwa na nyaraka za uthibitisho mpaka dirisha la maombi linafungwa.

Kuhusu nyuki, nitasema zaidi kidogo, maana mkoa huu ni wa asali na mji wetu una chuo cha ufugaji nyuki kinachopokea vijana kutoka pande zote za nchi. Mizinga tuliyochangia, ile ya masanduku, imeingia nyuki zaidi ya nilivyotarajia. Tumeacha kabisa mizinga ya magome. Mti wa mwombo ukichunwa gome zima kwa ajili ya mzinga mmoja, umekufa. Mavuno ya kwanza wanachuo walitaka kuyawahi. Mkufunzi akawazuia, akafungua sega moja mbele yetu: nusu ya vyumba vilikuwa vimefunikwa kwa nta, nusu viko wazi. Akatonesha asali kwenye kipimo, maji yakazidi asilimia 20. Asali ya namna hiyo huchacha kwenye ndoo. Walisubiri mpaka sega likafunikwa lote, na walipopima tena ikawa nzuri. Mauzo yake yamelipwa kwa namba ya malipo ya chuo kama taratibu za fedha za umma zinavyotaka. Wanaouliza kwa nini fedha hizo hazikuja kwenye akaunti yetu, jibu ni kwamba mizinga tuliitoa kwa chuo. Si yetu tena.

Miche ya miti imepandwa. Utafiti uliofanywa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Tumbi, hapa Tabora, ulishaonyesha kwamba miti ya mikesia iliyopandwa shambani kwa zamu na mazao hutoa kuni za kukaushia tumbaku katika muda wa miaka mitano hivi, na kuupumzisha msitu wa miombo. Mafunzo ya vitendo vijijini yalikwenda vizuri, nauli tulilipa.

Mjumbe mmoja aliniuliza kwa nini tusitafute mfadhili mkubwa, tuachane na michango hii midogo. Namheshimu, lakini sikubaliani naye. Urambo wanajua habari ya fedha nyingi. Mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, ulileta matrekta na mamilioni ya pauni, Kongwa, Nachingwea na hapa kwetu. Wenye mradi hawakuwa wameujua udongo wala mvua. Sisi tunao wakufunzi wanaoujua udongo huu kwa kuupika ugali wake. Kinachowapungukia ni mifuko miwili ya mbolea iliyofika kwa wakati.

Kwa hiyo kamati inaleta kwenu pendekezo moja la kurekebisha katiba: tarehe ya mwisho ya mchango ihame kutoka 31 Desemba hadi 30 Septemba, wakati wenye tumbaku na asali wana fedha mkononi, na anayeweza alipe kwa awamu kuanzia Juni. Vilevile theluthi moja ya michango itengwe kila mwaka kwa mfuko wa dharura wa Februari na Machi, isiguswe kwa kazi nyingine yoyote, hata mwenyekiti akiomba. Kura itapigwa baada ya chakula. Tunahitaji theluthi mbili ya waliohudhuria, hivyo nawasihi msiondoke mapema.

Hatukungoja kura kwa jambo moja. Wajumbe wa kamati tumetanguliza michango yetu ya mwaka unaoanza. DAP ya msimu ujao imenunuliwa wiki iliyopita, mifuko miwili ya kilo 50, risiti imebandikwa kwenye ukurasa wa mwisho wa jedwali. Imewekwa juu ya mbao katika stoo ya chuo, isipate unyevu.